Niels Finsen: Tabibu mgonjwa aliyefichua siri ya miale ya jua

KATIKA shule nyingi za msingi, mtoto mwenye ualbino huambiwa akae kivulini pasipo kuelezwa sababu. Huwatazama wenzake wakicheza uwanjani saa saba za mchana, na hakuna hata mmoja wao anayelia kwa kuungua.

Joto analolihisi yeye ndilo wanalolihisi wao. Jua linalowaangazia ni moja. Itakuwaje basi limdhuru yeye peke yake?

Swali hilo lilipata jibu zaidi ya karne moja iliyopita. Aliyelijibu hakuwahi kuishi katika nchi za joto, wala hakuwa na mitambo ya ajabu. Alikuwa daktari kijana wa Denmark, mgonjwa asiyekuwa na matumaini ya kupona, aliyetumia wino mweusi na mkono wake mwenyewe.

Jina lake ni Niels Ryberg Finsen. Ulimwengu wa tiba humtambua kama baba wa matibabu ya kutumia mwanga, lakini maisha yake yana funzo jingine ambalo walimu na wazazi wetu wangali wanalihitaji: kwamba kinachochoma ngozi katika jua ni kitu ambacho jicho haliwezi kukiona wala mwili kukihisi kwa wakati wake.

KUZALIWA NA MALEZI

Finsen alizaliwa Desemba 15, 1860, mjini Tórshavn katika Visiwa vya Faroe, vilivyoko kaskazini mwa bahari ya Atlantiki chini ya mamlaka ya Denmark. Baba yake, Hannes Finsen, alitoka katika ukoo wenye asili ya Iceland na alikuwa afisa wa ngazi ya juu wa serikali visiwani humo.

Mama yake alifariki Niels akiwa na umri wa miaka minne. Baba alioa tena, na mtoto akalelewa katika nyumba yenye watoto wengi.

Msomaji aliyezaliwa karibu na Ikweta huenda asiielewe kwa urahisi nchi hiyo. Mwezi wa Desemba, jua la Faroe huonekana kwa muda wa saa tano hivi tu kwa siku, tena mara nyingi huwa limezibwa na mawingu. Sisi huku hulikimbia jua tukatafuta mti; watu wa kule hulifuata kila linakokwenda.

Masomoni, Niels hakuwa mwanafunzi wa kutajwa. Alipopelekwa katika shule ya bweni nchini Denmark, walimu walimwona kuwa kijana mwenye moyo mwema lakini mzito wa akili na mlegevu wa bidii. Mwaka wa 1876 aliondolewa huko na kupelekwa shule ya Reykjavik, Iceland, ambako baba yake alikuwa amesomea.

Alimaliza masomo ya sekondari mwaka wa 1882 akiwa na umri wa miaka 21. Katika darasa la wanafunzi 15, alishika nafasi ya 11.

Hakuna aliyedhani kwamba mwanafunzi huyo angeishia kutunukiwa tuzo kubwa kuliko zote katika taaluma ya udaktari. Mwaka huo huo alivuka bahari kuelekea Chuo Kikuu cha Copenhagen kusomea utabibu.

MARADHI YAANZA

Mwaka wa 1883, akiwa bado mwanafunzi, Finsen alianza kuona dalili za ugonjwa ambao haungemwachilia tena. Tando zinazozunguka moyo, ini na wengu zilianza kuwa nene na kukakamaa. Moyo ulibanwa usiweze kutanuka sawasawa, na maji yakawa yanajaa tumboni.

Alikamilisha masomo yake mwaka wa 1890, akaajiriwa chuoni hapo kuwatayarishia wanafunzi miili ya kufanyia mafunzo ya upasuaji. Kazi hiyo aliiacha mwaka wa 1893 ili ajitolee kabisa kwa uchunguzi wa mwanga, akijikimu kwa kuwafundisha wanafunzi binafsi.

Uamuzi huo haukuwa mwepesi. Desemba 1892 alikuwa amemwoa Ingeborg Balslev, binti wa askofu wa mji wa Ribe. Kijana mwenye mke, asiye na afya wala mshahara wa kudumu, alikuwa akiweka maisha yake yote rehani kwa jambo ambalo madaktari wengi waliliona kuwa la kando.

Kwa nini mwanga? Inasimuliwa kwamba chumba alichoishi Copenhagen kilielekea kaskazini, hakikupata jua. Akiwa amechoka na kupungukiwa damu, Finsen alianza kuhisi kwamba jua lingemfaa, ingawa hakujua kwa njia gani.

Husimuliwa pia kwamba siku moja, akichungulia dirishani, alimwona paka amelala juani juu ya paa. Kivuli kilipomfikia, paka alijinyanyua akasogea mbele akalala tena palipo na jua. Kivuli kikamfuata, naye akahama tena.

Wengi wetu tungemwona paka huyo tukapita. Finsen alijiuliza ni nini mnyama huyo anakipata katika jua, na kama ni joto tu au kuna kingine.

MTARO ULIOKWISHA CHIMBWA

Finsen hakuanza katika giza. Mwaka wa 1800, William Herschel alikuwa ameonyesha kwamba kando ya rangi nyekundu ya upinde wa mvua kuna miale isiyoonekana inayoleta joto. Mwaka uliofuata, Mjerumani Johann Wilhelm Ritter akatazama upande wa pili, kando ya urujuani.

Ritter alitumia chumvi ya madini ya fedha ambayo hugeuka nyeusi inapopigwa na mwanga. Aligundua kwamba chumvi hiyo iliiva upesi zaidi mahali pasipokuwa na rangi yoyote, nje kidogo ya urujuani. Hivyo ndivyo miale ya urujuanimno ilivyojulikana, na karatasi ya Ritter yaweza kuitwa kihisi cha kwanza cha miale hiyo.

Mwaka wa 1877, Waingereza Arthur Downes na Thomas Blunt walionyesha kwamba mwanga wa jua huua bakteria. Mnamo 1889, daktari wa macho wa Sweden, Johan Widmark, akathibitisha kwamba miale hiyo hiyo ya urujuanimno, wala si joto, ndiyo inayobabua ngozi.

Kazi iliyosalia ilikuwa kuonyesha jinsi ngozi inavyojilinda. Hapo ndipo Finsen alipoingia.

UTEPE WA WINO

Jaribio lake lilikuwa jepesi kiasi kwamba mtoto wa darasa la tatu angelifuata. Alichukua wino mweusi akapaka mshipi wenye upana wa vidole vitatu hivi kuuzunguka mkono wake, chini ya kiwiko. Kisha akauanika mkono katika jua kali kwa muda wa saa tatu.

Alipouosha wino, ngozi iliyokuwa chini yake ilikuwa nyeupe kama kawaida. Pande zote mbili za mshipi, ngozi ilianza kuwa nyekundu, na baada ya saa chache ikavimba na kuuma.

Siku zilipita, wekundu ukatulia, na sehemu zilizoungua zikabaki na rangi ya hudhurungi. Finsen akaurudisha mkono ule ule juani, safari hii bila wino.

Matokeo yaligeuka. Ule mshipi mweupe uliokuwa umesalimika mara ya kwanza ndio uliobabuka. Sehemu zilizokuwa zimeshageuka hudhurungi hazikuungua. Zilizidi tu kukolea.

Maana yake ilikuwa dhahiri. Rangi ambayo mwili ulijitengenezea wenyewe ilikuwa imefanya kazi ile ile ya wino. Weusi wa ngozi si pambo, wala si alama ya kumpandisha au kumshusha mtu, ni ngao.

Yafaa ikumbukwe kwamba hayo yalijiri katika miaka ya 1890, wakati ambapo mataifa ya Ulaya yalikuwa yakigawana Afrika, huku baadhi ya wasomi wao wakiandika vitabu kudai kwamba weusi ni ushahidi wa uduni. Mkono wa daktari huyu mgonjwa ulisema jambo jingine kabisa.

Tena hapo ndipo lilipo jibu la yule mtoto wetu wa uwanjani. Mwili wa mtu mwenye ualbino hutengeneza rangi kidogo sana, au hautengenezi kabisa. Wenzake wamevaa wino usiofutika. Yeye ni ule mshipi mweupe.

KUTOKA NDUI HADI KIFUA KIKUU CHA NGOZI

Mwaka wa 1893 Finsen alichapisha makala yaliyolitangaza jina lake kwa mara ya kwanza. Alipendekeza wagonjwa wa ndui walazwe katika vyumba vyenye mapazia au vioo vyekundu, ili miale ikali ya mwanga isifikie vidonda vyao na kuacha makovu mabaya.

Pendekezo hilo lilijaribiwa mwaka huo huo mjini Bergen, Norway, na madaktari wa huko wakaleta habari za kutia moyo. Hata hivyo, uchunguzi wa miaka iliyofuata haukulithibitisha. Kilichoishinda ndui hatimaye ni chanjo, na Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza mwaka wa 1980 kwamba ugonjwa huo umetokomezwa.

Finsen hakuishia kwenye kuzuia mwanga. Alijiuliza kama miale inayodhuru ngozi yaweza kuelekezwa kwa adui aliyejificha ndani ya ngozi hiyo.

Adui mwenyewe alikuwa kifua kikuu cha ngozi, maradhi yaliyokuwa yamesambaa Ulaya kaskazini. Yalianza kama vipele vidogo usoni, kisha yakala pua, midomo na mashavu polepole kwa miaka mingi. Wagonjwa walijifungia ndani kwa aibu, wakakosa kazi na ndoa. Robert Koch alikuwa amekwisha kutambua kijidudu cha kifua kikuu mwaka wa 1882, lakini hapakuwa na dawa ya kukiua.

Mwishoni mwa mwaka wa 1895, katika kituo cha umeme cha Copenhagen, Finsen alianza kumtibu mhandisi mmoja aliyekuwa ameteswa na ugonjwa huo kwa miaka mingi. Alitumia taa ya umeme yenye vijiti viwili vya kaboni, ambayo mwanga wake ni mkali mno, akiukusanya kwa lenzi na kuupitisha katika maji ili joto lipungue.

Baada ya siku chache vidonda vilianza kuonyesha nafuu. Mgonjwa aliyekuwa ameshindikana alipona.

TAASISI YA MWANGA

Habari zilienea. Mwaka wa 1896 ilianzishwa Taasisi ya Tiba ya Mwanga ya Finsen mjini Copenhagen, kwa msaada wa matajiri wawili, Gustav Hagemann na Vilhelm Jørgensen. Mwanzoni ilikuwa vibanda tu katika bustani ya hospitali ya manispaa.

Tiba ilihitaji subira kubwa. Taa moja iligawiwa mirija minne ili iwahudumie wagonjwa wanne kwa pamoja. Kando ya kila mgonjwa aliketi muuguzi, akibonyeza jiwe angavu la kwatzi juu ya kidonda ili damu isogee pembeni, kwa sababu Finsen alikuwa amegundua kwamba damu huzuia miale kupenya.

Mgonjwa alikaa chini ya taa kwa saa moja au zaidi kila siku, na matibabu yaliweza kuchukua miezi mingi. Wauguzi walivaa miwani ya giza. Hata hapo, katikati ya nyumba ya tiba, tahadhari dhidi ya mwanga ilikuwa sehemu ya kazi.

Mamia ya wagonjwa walitibiwa katika miaka ya kwanza, na wengi wao walirudi makwao wakiwa na nyuso za kuonekana mbele za watu. Mwaka wa 1900, Alexandra, binti wa kifalme wa Denmark aliyekuwa ameolewa na mrithi wa ufalme wa Uingereza, aliipeleka taa ya Finsen katika Hospitali ya London. Miji mingine ikafuata.

Ilhali wagonjwa wake walikuwa wakipona, tabibu mwenyewe alikuwa akididimia. Maji ya tumboni yalilazimika kutolewa kwa sindano kubwa mara kwa mara. Katika miaka yake ya mwisho alisukumwa kwa kiti cha magurudumu.

Hakuacha kujichunguza. Alipima kwa mizani chakula alichokula na maji aliyokunywa, akapunguza chumvi, na akaandika kila badiliko. Kutokana na daftari hilo alichapisha mwaka wa 1904 makala kuhusu jinsi chumvi inavyojilimbikiza mwilini.

NOBEL NA KIFO

Desemba 1903, Finsen alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya tiba. Alikuwa wa tatu kuipata, baada ya Emil von Behring aliyetambuliwa kwa tiba ya dondakoo na Ronald Ross aliyeonyesha kwamba malaria huenezwa na mbu. Alikuwa pia Mdenmark wa kwanza kupata Nobel.

Mwaka huo huo, tuzo ya fizikia ilikwenda kwa Henri Becquerel pamoja na Pierre na Marie Curie kwa kazi yao kuhusu mionzi. Dunia ilikuwa ndiyo kwanza inazinduka kwamba imezungukwa na nguvu zisizoonekana.

Finsen hakuweza kusafiri hadi Stockholm kupokea heshima hiyo. Sehemu kubwa ya fedha alizopewa aliitoa kwa taasisi yake na kwa hospitali ya wagonjwa wa moyo na ini, watu waliougua kama yeye.

Alifariki Septemba 24, 1904, jijini Copenhagen. Alikuwa na umri wa miaka 43. Aliacha mjane na watoto watatu. Mtoto wao wa kwanza alikuwa amefariki siku moja tu baada ya kuzaliwa.

MAPUNGUFU YA MSHINDI

Si haki kumsifu marehemu kwa yale tu aliyoyapatia. Finsen aliamini kwamba miale ya urujuanimno ya taa zake ndiyo iliyoua vijidudu. Mwaka wa 2005, watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya kuzipima upya lenzi zake, wakaonyesha kwamba zilizuia sehemu kubwa ya miale hiyo isipite.

Walieleza kwamba huenda taa iliponya kwa njia nyingine: mwanga uliopita uliamsha kemikali zilizo ndani ya kijidudu chenyewe, zikazalisha oksijeni kali iliyokiua kutoka ndani. Tiba ilikuwa ya kweli, maelezo yake ndiyo yaliyopotoka.

Kosa la pili halikuwa lake peke yake. Finsen alilipenda jua, akahimiza watu kuota jua kwa ajili ya afya, na waliomfuata walilipenda kupita kiasi. Mwaka wa 1919, Kurt Huldschinsky alionyesha mjini Berlin kwamba taa za urujuanimno huponya matege kwa watoto. Hilo lilikuwa kweli, na watoto wengi waliokolewa.

Lakini kwa miongo kadhaa iliyofuata, watoto wa Ulaya na Marekani walianikwa juani na chini ya taa kana kwamba hapana kiasi. Tayari mwaka wa 1928, G. M. Findlay alikuwa ameonyesha kwamba miale hiyo husababisha saratani ya ngozi kwa panya. Onyo hilo lilichukua muda mrefu kufika majumbani.

Mwaka wa 1992, wakala wa WHO unaoshughulikia utafiti wa saratani ulitangaza rasmi kwamba mwanga wa jua husababisha saratani kwa binadamu.

Hata hivyo, mti alioupanda Finsen haukukauka. Dawa za kuua bakteria zilipopatikana katika miaka ya 1940, taa zake zilizimwa, lakini wazo lake liliendelea. Tangu madaktari wa Uingereza walipochapisha matokeo yao mwaka wa 1958, watoto wachanga wenye manjano hulazwa chini ya mwanga wa samawati, na taa hizo zimo hata katika hospitali zetu.

FUNZO KWA WATOTO WETU

Turudi sasa kwenye uwanja wa shule. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu nchini Kenya watu 9,729 wenye ualbino. Wengi wao hukaa katika maeneo ambako jua huwa karibu utosini mwaka mzima, na saratani ya ngozi ndiyo tishio kubwa kwa maisha yao.

Nyanda za juu hazina unafuu wowote. WHO husema miale ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Mtoto wa Limuru au Eldoret anayevaa sweta kwa sababu ya baridi aweza kuungua uso siku hiyo hiyo. Mawingu mepesi nayo hupitisha sehemu kubwa ya miale hiyo.

Hilo ndilo Finsen alilolionyesha na ndilo gumu kumfundisha mtoto mdogo: usilipime jua kwa joto. Moto humwonya mtoto papo hapo, naye huondoa kidole. Miale ya urujuanimno humwacha acheze, kisha maumivu humjia jioni akiwa nyumbani, na madhara makubwa zaidi humjia baada ya miaka mingi.

Teknolojia ya siku hizi imeanza kuliziba pengo hilo. Zipo bangili zenye kihisi kidogo kinachopima miale ya urujuanimno na kupeleka vipimo katika simu ya mzazi au mwalimu bila waya. Kipimo kikizidi, kifaa hutoa ishara, na mtoto hujua kwamba wakati wa kofia umefika.

Mwezi Juni 2022, WHO na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalizindua programu ya simu inayoonyesha kiwango cha miale hiyo mahali alipo mtumiaji. Kiwango kikifika 3, mtu hushauriwa ajikinge. Katika nchi za Ikweta, mchana wa jua huweza kupita 11.

Vifaa hivi vina faida ambayo haionekani upesi. Mtoto anayeambiwa na mwalimu kila mara aondoke juani hujiona anaadhibiwa. Darasa zima likisoma kipimo kimoja, kofia yake hugeuka kuwa jambo la maarifa, na wenzake huwa walinzi wake badala ya kumcheka.

Lakini tahadhari ni muhimu. Bangili haina kivuli. Kifaa kinachotoa ishara mahali ambapo hakuna mti, kofia, wala mafuta ya kukinga ngozi humwongezea mtoto hofu tu. Isitoshe, watoto wengi wenye ualbino wana uoni hafifu, hivyo kifaa chenye herufi ndogo hakitawafaa kama kile kinacholia au kutetema.

Bei nayo ni kizingiti. Shule inayokosa madawati haitarajiwi kununua vihisi. Kwa bahati nzuri, zipo njia rahisi zinazofundisha jambo lile lile.

Kuna shanga za plastiki ambazo huwa nyeupe ndani ya nyumba na kugeuka rangi zinapopigwa na miale ya urujuanimno. Mtoto akizivaa mkononi huona kwa macho yake kile kisichoonekana, kama Ritter alivyokiona katika chumvi yake.

Kuna pia kihisi ambacho kila mtoto huzaliwa nacho, nacho ni kivuli chake. Kikiwa kifupi kuliko yeye, jua ni kali na yampasa ajikinge. Kikiwa kirefu kuliko yeye, ukali umepungua. Kwa kawaida saa za hatari ni kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri.

Mwalimu aweza hata kulirudia jaribio la Finsen bila kumuumiza mtu. Achukue karatasi ya manila yenye rangi iliyokolea, aweke juu yake ukanda wa kadibodi, aiache juani kwa siku kadhaa, kisha auinue ukanda mbele ya darasa. Rangi itakuwa imefifia kila mahali isipokuwa pale palipofunikwa.

Watoto wenye rangi tofauti za ngozi wakiitazama karatasi hiyo kwa pamoja, hakuna atakayehitaji kuambiwa tena kwa nini mwenzao huvaa kofia pana na mikono mirefu. Iwapo sare ya shule hairuhusu kofia, wazazi na walimu wakuu wanayo sababu ya kuibadilisha sheria hiyo kabla ya muhula ujao.